Maswali ya Wasomaji: Saketi ya kupima karenti inakula kiasi gani?

SWALI: Fundi shikamoo, niko Dunga hapa Kisumu natengeneza taa za sola za wavuvi wa omena. Nimeweka rezista ya omu 0.01 ambayo karenti ya taa inapita ndani yake, na amplifaya ya kupima karenti, yaani chipu inayokuza volti ndogo ya hiyo rezista; karenti ya juu ni ampea 10. Nipige hesabu aje ya umeme ambao saketi hii inaweza kula ikizidi kabisa?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Kwanza angalia karenti ambayo amplifaya yenyewe inakula: achana na ile namba ya kawaida kwa datashiti (karatasi ya maelezo ya chipu), shika ya juu kabisa ya joto lote, tuseme yako ni miliampea 0.3, zidisha na volti ya juu ya kuilisha, 5.5, hiyo ni miliwati 1.65 tu. Autiputi ya amplifaya (pale inapotoa jibu la kipimo) nayo ikiwa juu kabisa na mzigo wa kiloomu 10 inavuta kama miliwati 3 hivi. Sasa mwizi mwenyewe ni rezista: ampea 10 mara ampea 10 mara omu 0.01, wati 1 nzima! Na karenti ikipanda mara mbili moto unapanda mara nne, kwa hivyo tafadhali weka rezista ya wati 2 ama 3, boksi limefungwa maji yasiingie halafu joto litapata wapi njia ya kutoka?