Skripti inayodai huduma tayari inafanya kazi

Ndugu, umeeleza kwamba baada ya mashine kuzimika ghafla, skripti yako (faili la amri) inakataa kuanzisha huduma, yaani programu inayoendeshwa chinichini, kwa madai kuwa tayari inafanya kazi. Yaelekea faili linalotunza namba ya mchakato (PID, namba ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa) lilibaki kwenye diski, na skripti inaangalia tu kama lipo. Isome namba hiyo, uijaribu kwa kill -0, amri inayoangalia tu kama mchakato wenye namba hiyo upo bila kuusimamisha, kisha uthibitishe kwa ps, amri inayoorodhesha michakato, kwamba mchakato huo ni wa huduma yako, kwa sababu namba hutumika tena kwa michakato mingine. Niliwahi kuruka hatua hiyo nikaua mchakato usiohusika. Faili lenyewe lihamishie kwenye saraka ya /run, ambayo katika mifumo mingi ya Linux huanza tupu kila mashine inapowashwa. Unaposimamisha huduma, tuma ishara ya 15 kwanza, inayouomba mchakato ujifunge wenyewe, usikimbilie 9, inayouua papo hapo. Ikiwa ni hifadhidata, mshirikishe msimamizi wake kabla ya kujaribu lolote.