Opali hii, opali hili au opali hiki?

Swali: Ninauza mapambo ya fedha, na katika maelezo ya bidhaa zangu nimeandika "opali hili linang'aa". Mteja mmoja amenisahihisha kuwa ni "opali hiki". Mwingine amesema jiwe hilo liitwe akiki. Yupi yuko sahihi?

Jibu: Wote wawili wamekosea, nawe pia, ingawa kosa lako lina sababu yake. Opali imeingia katika lugha yetu kwa mlango ule ule wa almasi, yakuti, zumaridi na feruzi, ambayo yote hukaa katika ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo tunasema opali hii inang'aa, opali hizi zinang'aa. "Hili" na "hiki" vinatokana na maneno jiwe na kito, ambayo mwandishi anayo kichwani bila kuyatamka. Akiyatamka, upatanisho utayafuata: jiwe la opali limepasuka, vito vya opali vimeuzwa. Ukipenda kusema madini, basi ni madini haya, si "madini hii" inayosikika mno siku hizi.

Kuhusu akiki sikubali hata kidogo. Akiki ni jiwe jingine, lile la pete wanazovaa Waislamu wengi, na ni gumu kuliko opali. Yote mawili ni silika (si ile ya tabia, bali madini yaliyojaa mchangani), lakini opali hubeba maji ndani yake, aghalabu asilimia 6 hadi 10 ya uzito wake, na ikikauka ghafla huweza kupata nyufa. Opali nyingi za Welo, Ethiopia, hunywa maji: ukiitia moja bakulini hupoteza rangi na kuwa kama kioo, mpaka ikauke tena. Mnunuzi aliyeambiwa "akiki" ataosha vyombo pete ikiwa kidoleni, kisha atakuja kugomba dukani kwako.

Kitenzi kung'aa si kosa, ila hapa ni hafifu. Chukua opali nyeusi ya Lightning Ridge, Australia, uigeuze polepole chini ya taa: doa jekundu huwa kijani, kisha buluu, kisha hutoweka, kwa kuwa chembe ndogo mno za duara zilizopangika ndani yake huutawanya mwanga kwa pembe mbalimbali. Ningeandika "inametameta kwa rangi zinazohama". Wapo wanaoandika "mchezo wa rangi", tafsiri sisisi, ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, inayonikumbusha watoto wa chekechea. Opali ya kijani ya Haneti, Dodoma, haina rangi hizo zinazohama. Hiyo iandikie inang'aa, inatosha.

"Pete ya opali" inakubalika kama ilivyo pete ya akiki, lakini kwa kuwa pete ya dhahabu hutajwa kwa kile ilichofuliwa, tangazo litaeleweka vizuri zaidi likisema pete ya fedha yenye kito cha opali. Na ikiwa kito chenyewe ni utando mwembamba wa opali uliobandikwa juu ya jiwe jeusi, neno "uliobandikwa" nalo liwemo.