Wafasiri wapya, msikimbilie "kinyume na maumbile"

Wiki hii nimerudisha tena rasimu yenye "tabasamu lililo kinyume na maumbile". Wadogo zangu, inatosha. Najua tarehe ya kukabidhi kazi huwa inawakaba koo, na najua kamusi ndiyo iliyowapa maneno hayo. Lakini kila kundi jipya likiingia, neno la Kiingereza "unnatural" linaliangusha palepale lilipoliangusha kundi lililotangulia.

1. Kabla hujafasiri, tafuta kinachokanushwa. "Natural" ya tabasamu ni kuja lenyewe, kwa hiyo hilo lenu ni tabasamu la kulazimisha. Majeruhi akikutwa mguu umekaa kwa namna "unnatural", maana yake mguu umepinda vibaya. Nyumba yenye watoto ikiwa kimya hivyo mchana kutwa, hicho ni kimya kisicho cha kawaida. Yote hayo hayahitaji maumbile.

2. Kifo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bado kinaniuma. Mfasiri mmoja chipukizi, hodari kweli, alipewa fomu ya madai ya bima ya maisha. Akakutana na "unnatural death", akaandika "kifo kilicho kinyume na maumbile". Matini chanzi, yaani ile ya Kiingereza anayoifasiri, ilikuwa na maana nyepesi kabisa: kifo ambacho hakikuletwa na ugonjwa wala uzee, yaani ajali, kujiua au kuuawa. Mhakiki siku hiyo alikuwa amezama kwenye tarakimu na tarehe, akaipitisha. Sentensi ikaingia kwenye kumbukumbu ya tafsiri, hazina ya sentensi zilizokwisha kufasiriwa ambayo programu huzirudisha zitumike tena. Mnajua kinachofuata. Kila fomu ya aina hiyo ilipofunguliwa, programu iliileta ikiwa imelingana asilimia 100, na wafasiri wengine wakawa wanabonyeza kukubali bila hata kusoma.

Aliyetuzindua ni mjane. Mumewe alikuwa amekufa kwa ajali ya barabarani, na mwanawe mkubwa ndiye aliyekuwa akimsomea maswali ya fomu, wadogo zake wakiwa wamekaa hapohapo. Kijana akasoma: "Je, marehemu alifariki kifo kilicho kinyume na maumbile?" Kisha akanyamaza, akashindwa kuendelea. Mama akapiga simu kuuliza mumewe anatuhumiwa kwa lipi. Hakuwa anagomba, alitaka kujua tu. Ningependa kila mfasiri mpya asikie swali lile kabla hajapewa kazi, maana mama yule alikielewa Kiswahili sawasawa. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, "kinyume na maumbile" ni maneno ya mashtaka ya ulawiti, anayasikia kwenye habari za mahakamani. Huwezi kumwambia aliyefiwa kwamba wewe ulikuwa na maana nyingine kichwani.

Yule chipukizi alishinda akitafuta sentensi hiyo kwenye kila faili na kuibadilisha: "kifo kisichotokana na ugonjwa wala uzee". Ni ndefu kuliko ya Kiingereza, ndiyo. Iacheni iwe ndefu.

3. Sheria ndiyo pekee yenye haki ya maneno hayo. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, kifungu cha 377, ilibeba kichwa "Unnatural offences", na ndani yake ikazungumzia tendo lililo kinyume na mpangilio wa maumbile. Waingereza wakaisambaza lugha hiyo katika sheria za makoloni yao mengi, ndiyo maana hadi leo mnaikuta katika hati za mashtaka. Ukifasiri hati ya namna hiyo, fuata istilahi ya sheria husika, usijitungie yako.

4. Damu. Hii wengi hawaijui, na ni maana nzuri mno. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, mzimu wa mfalme unamwomba mwanawe alipize kisasi cha mauaji anayoyaita "most unnatural". Mauaji yote ni maovu. Haya yamezidi kwa kuwa aliyeua ni ndugu wa tumbo moja. Mfalme Lear naye, katika tamthilia nyingine ya Shakespeare, anawarushia binti zake wawili neno hilohilo baada ya wao kumtupa. "Natural" inayokanushwa hapo ni pendo la damu. Basi "unnatural mother" siye "mama bandia", na nimewahi kuletewa "mama bandia"! Ni mama asiye na uchungu wa mwana. Waswahili walishasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kwa hiyo maneno tunayo, tena yanachoma kuliko ya Kiingereza.

5. Ya haraka. "Artificial" ndiyo bandia. "Supernatural" ni mambo ya mizimu, majini na miujiza. "Not unnaturally" ikianza sentensi, andika "si ajabu" au "kama ilivyotarajiwa". Na mhariri akiandika "unnatural" pembeni mwa tafsiri yako, anasema haisomeki kama Kiswahili: isome kwa sauti, uanze upya.

Sasa kila mmoja afungue kumbukumbu yake ya tafsiri, atafute "maumbile", kisha aniletee orodha ya sentensi zote zitakazotokea pamoja na matini chanzi yake. Za bima na za hospitali zitangulie. Nitazipitia pamoja nanyi, moja baada ya nyingine.