Upepo unaacha nini kwenye eneo baada ya kreni kuondoka

Wakuu, mleta mada ameuliza kama shamba la upepo, yaani eneo lenye mitambo mingi ya kufua umeme kwa upepo, linanyanyua kweli uchumi wa eneo, au umeme unapita tu juu ya vichwa vya watu kuelekea mijini. Nimekuwa fundi wa matengenezo ya mitambo hii kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa upande wa ujenzi, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona. Msimamo wangu ni huu: hela ya upepo inabaki kwenye eneo pale tu ilipofungwa kwa sheria na mikataba kabla zege la kwanza halijamwagwa. Ikiachwa hivi hivi, inaondoka.

Ukuaji wenyewe hauna ubishi. Mwaka 2023 dunia ilivuka gigawati 1,000 za mitambo ya upepo. Denmark, iliyosimamisha mitambo 11 baharini pale Vindeby mwaka 1991, kila mmoja wa kilowati 450, leo inapata zaidi ya nusu ya umeme wake kutoka kwenye upepo. Iowa, jimbo la wakulima wa mahindi huko Marekani, nalo limepita nusu.

Sasa tuje kwenye ajira, maana ndizo zinazoahidiwa kwa sauti kubwa kwenye mikutano ya wananchi. Wakati wa ujenzi kazi ni nyingi kweli: kusuka nondo, kumwaga zege, kuchimba mitaro ya nyaya, udereva, ulinzi. Nyumba za kupanga zinajaa, mama lishe wanauza hadi usiku. Ila ni msimu. Mtambo wa mwisho ukishasimama, watu wanafungasha. Kinachobaki ni barabara, kwa sababu panga la mtambo, yaani bawa linalozungushwa na upepo, lina mita 50 na zaidi na halikati kona ya kawaida, lazima njia ipanuliwe. Mradi wa Ziwa Turkana kule Kenya, wenye mitambo 365, ulilazimika kuboresha barabara ya takriban kilomita 200 kutoka Laisamis ili mizigo ifike.

Baada ya hapo tunabaki sisi wa matengenezo. Tupo wachache, lazima niseme ukweli, lakini kazi yetu inadumu miaka 20 hadi 25. Vipande vya mnara vimeunganishwa kwa duara za bolti nene, na kila bolti inakazwa kwa spana ya haidroliki mpaka ifike kipimo chake. Ukimaliza unachora mstari wa rangi unaopita juu ya nati na chuma inachokalia. Ukaguzi ujao, mstari ukiwa umekatika, unajua nati imezunguka.

Halafu kuna mapanga. Ncha ya panga inakimbia karibu kilomita 300 kwa saa, na kwa kasi hiyo hata tone la mvua linakwangua. Makali ya mbele yanakuwa na vishimo, upepo haupiti vizuri, uzalishaji unashuka. Dawa yake ni fundi kuning'inia kwa kamba, kupiga msasa, kuziba, kisha kupaka rangi maalumu. Kwenye kikosi chetu, waliokuwa bora kabisa kwa kazi hii walitoka kwenye karakana za boti za faiba. Mikono ilishazoea, wakafundishwa kamba na usalama tu. Kwa hiyo eneo lenye mafundi wa namna hiyo na chuo cha ufundi lisisubiri kuletewa watu: mafunzo yaanze ujenzi ukiwa unaendelea.

Pesa kubwa zaidi, hata hivyo, ziko kwenye kodi, ardhi na umiliki. Mkulima anaendelea kulima karibu kabisa na msingi wa mtambo, na kila mwaka anapokea malipo ya ardhi. Tatizo ni jirani yake. Nimewahi kusikiliza malalamiko ya familia ambayo kivuli cha mapanga kilikuwa kinapita dirishani kwao kila jioni, na hawakuwa wanapata chochote kwa sababu mnara ulikuwa upande wa pili wa mpaka. Hasira yao niliielewa kabisa. Denmark iliwahi kulifanyia kazi hili kwa sheria: kuanzia 2009, mwenye mradi alitakiwa kuwauzia wakazi wa jirani angalau asilimia 20 ya hisa, walio ndani ya kilomita 4.5 wakipewa kipaumbele. Ujerumani nayo ilihakikisha sehemu kubwa ya kodi ya biashara inakwenda kwenye manispaa yenye mitambo, hata kama kampuni ina makao yake mbali.

Ardhi ikivurugwa mwanzoni, kila kitu kinayumba. Mwaka 2021 mahakama huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa Turkana hazikupatikana kwa kufuata utaratibu, wakati mitambo ilikuwa tayari inazalisha.

Na msisahau laini ya kusafirisha umeme. Mitambo hiyo hiyo ya Turkana ilikuwa tayari mwaka 2017 lakini ikasubiri laini mpaka 2018. Texas waliamua kutangulia: mwaka 2008 walipanga laini kubwa za kuutoa umeme magharibi mwa jimbo, wakatumia takriban dola bilioni 7, na hapo uwekezaji ukamiminika.

Mleta mada, ukikaa mezani na mwekezaji, uliza pia nani atalipia kuivunja mitambo ikizeeka. Vindeby ilibomolewa 2017. Chuma na shaba vina wanunuzi, ila mapanga ya faiba ni magumu kuyachakata. Fedha za kuyaondoa ziwekwe kwenye akaunti ya dhamana tangu mwanzo, kwa sababu kampuni iliyojenga inaweza kuwa imeshauza mradi mara kadhaa kabla siku hiyo haijafika.