Re: Wahamishaji wamegoma kushusha vitu mpaka niongeze hela

Pole sana kaka. Walikukadiria dola 2,000 kutoka Texas hadi Ohio na leo wanataka 3,100 ndo wafungue lori? Usitoe zote! Ukihama jimbo hadi jimbo sheria ya Marekani inasema kama yalikuwa makadirio tu, mlangoni wanadai mwisho asilimia 110, yaani 2,200, inayobaki wasubiri siku 30, labda uwe uliongeza mizigo au huduma. Kama mlisaini bei iliyofungwa basi ni 2,000 hiyo hiyo. Soma karatasi yako vizuri, chukua namba yao ya USDOT (namba ya usajili wa kampuni za usafirishaji) uwashtaki kwa FMCSA, wakala wa serikali ya Marekani unaosimamia malori na wahamishaji, tena mwambie dereva akiwa hapo hapo, mana hawa wengi wanategemea mgeni hajui kitu.