Maswali na Majibu: Estonia ikivamiwa, nani anafika kwanza?

Tangu niandike kuhusu nchi za Baltiki (Estonia, Latvia na Lithuania) maswali yamekuwa mengi, na nusu yake ni lile lile moja. Naanza nalo ili tulimalize.

Urusi ikiingiza vifaru Estonia usiku wa leo, nchi zote za NATO zinaingia vitani asubuhi? (Morogoro)

Hapana, na mkataba wa NATO wenyewe hausemi hivyo. Kila mtu anakinukuu Kifungu cha 5 hadi pale penye shambulio dhidi ya mmoja kuhesabiwa shambulio dhidi ya wote, kisha anafunga karatasi. Endelea kusoma. Kinachofuata ni kwamba kila mwanachama atamsaidia aliyeshambuliwa kwa hatua atakayoona inafaa, ikiwemo kutumia silaha. Atakayeona inafaa kupeleka blanketi na mahema ya hospitali hajavunja mkataba. Maneno hayo yaliwekwa makusudi mwaka 1949, maana Seneti ya Marekani isingekubali nchi yake iingizwe vitani na uamuzi wa mtu mwingine.

Kifungu hicho kimetumika mara moja tu, Septemba 2001, na aliyesaidiwa alikuwa Marekani. Ndege za rada za NATO zilivuka Atlantiki kwenda kulinda anga yake. Wanaosema Ulaya inakula bure ulinzi wa Marekani siku zote huwa wanaliruka hilo.

Kwa hiyo mkataba uweke pembeni, uliza nani yuko pale tayari. Tangu 2017 Waingereza wana kikosi kambi ya Tapa nchini Estonia, pamoja na Wafaransa. Wakanada wanaongoza kile cha Latvia. Wajerumani wako Lithuania, na sasa wanajenga brigedi nzima huko, watu kama 5,000, ikamilike 2027. Kikosi cha Tapa peke yake hakiwezi kulizuia jeshi la Urusi, wala hakikupelekwa kwa kazi hiyo tu. Kipo ili risasi za siku ya kwanza ziwapate na Waingereza. Majeneza yakishashuka London, nani atakaa kujadili hatua "inayofaa"? Ni hesabu ya kikatili, na ndiyo iliyotumika kwa vikosi vya Magharibi vilivyowekwa Berlin Magharibi enzi zote za Vita Baridi.

Vita vya Tatu vya Dunia vinaanza lini? (wengi mno)

Anayekutajia tarehe anakuuzia kitu. Lingine.

Nimeona video inasema NATO ina wanajeshi zaidi ya milioni 3. Urusi itathubutu vipi? (Kahama)

Hizi video za kuyapanga majeshi kama msimamo wa ligi zimeharibu vichwa vya watu. Hao milioni 3 wako Texas, wako Anatolia, wako Ureno. Vita vya Baltiki haviulizi una askari wangapi, vinauliza wangapi watakuwa wamefika kabla ya Ijumaa.

Mwaka 2016 taasisi ya RAND ya Marekani ilicheza vita hivyo mezani mara kadhaa. Kwa majeshi yaliyokuwepo wakati ule, Warusi walifika viunga vya Tallinn na Riga kati ya saa 36 na 60. Hali imebadilika tangu hapo, lakini ramani iko vile vile. Kwa nchi kavu, njia ya kuingia Baltiki kutoka Poland ni moja: ukanda wa Suwałki, kama kilomita 65 ukizipima kwa mstari ulionyooka, upande mmoja Belarus, mshirika wa Urusi, upande wa pili Kaliningrad, kipande cha Urusi kilichotengana nayo. Barabara kubwa humo ni za kuhesabu kwa vidole, na kifaru cha Leopard 2 kina tani zaidi ya 60. Si kila daraja la Ulaya linakibeba.

Halafu kuna reli, ambayo hakuna anayeiuliza. Njia za Baltiki zilijengwa kwa upana wa Kirusi, milimita 1,520, wakati Poland na Ujerumani wanatumia 1,435. Njia ya upana wa Ulaya imefika Kaunas, Lithuania. Ukitaka kupeleka vifaru Riga kwa treni, unavishusha na kuvipakia upya. Waliowahi kuona mzigo wa TAZARA ukihamishiwa mabehewa ya reli ya kati pale Kidatu wanajua kazi hiyo inavyokula muda, na Kidatu hakuna anayekurushia makombora. Reli mpya, Rail Baltica, imepangwa kufunguliwa 2030. Mimi ningekuwa jenerali wa Tallinn ningeililia reli hiyo kuliko ndege yoyote ya kivita.

Finland ina watu milioni tano na ushee. Inaongeza nini? (Arusha)

Mengi. Ilipojiunga Aprili 2023 ilileta mpaka wa kilomita 1,340 na Urusi, ambao Moscow sasa inabidi iulinde. Ikiita askari wa akiba, jeshi lake la vita ni watu 280,000, na mizinga yake ni ya kuheshimika. Sweden ikafuata Machi 2024 na kisiwa cha Gotland, katikati ya bahari ya Baltiki. Meli za msaada zina pa kujificha sasa.

Mbona NATO haikwenda vitani kuitetea Uingereza Argentina ilipovamia visiwa vyake vya Falklands 1982? (Mombasa)

Soma Kifungu cha 6. Visiwa vya Atlantiki vinalindwa vikiwa kaskazini ya Tropiki ya Kansa, mstari ulio juu ya ikweta. Falklands viko kusini kabisa. Hata Hawaii haimo.

Iceland haina jeshi. Inafanya nini humo? (Tanga)

Ipo mahali ambapo manowari za Urusi zikienda Atlantiki lazima zipite jirani. Inatosha.

Na sisi Tanzania tukivamiwa? (Bukoba)

Nashangaa swali hili litoke Bukoba, kwa watu ambao wazee wao waliliona jibu. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipoingia Kagera, OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ilitaka upatanishi, haikumlaani. Msumbiji ilileta askari. Libya ilileta askari pia, kwa Amin. Na daraja la Kyaka lilipovunjwa, JWTZ haikuvuka mto kwa maazimio. Ilivuka kwa daraja la chuma la muda.

Leo tuna Mkataba wa Kujihami wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, uliosainiwa Dar es Salaam Agosti 2003. Nao unasema kila nchi itashiriki kwa namna itakayoona inafaa. Kwa msingi wa mkataba huo askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania walipelekwa mashariki mwa Congo kuanzia Desemba 2023. Januari 2025 Goma ikatekwa, wao wakabaki wamezingirwa kambini, na Machi SADC ikaufuta ujumbe wote. Wabunge wetu wangeuliza nani alipanga njia ya kuwafikishia risasi na mafuta. Sijasikia aliyeuliza.

MAREKANI ITAITETEA TAIWAN NDIYO AU HAPANA??? (hakutaja alipo)

Mkataba wa kujihami kati yao ulikoma mwanzoni mwa 1980. Kilichobaki ni sheria ya Marekani ya 1979, inayohusu kuipatia Taiwan silaha za kujilinda na haiahidi askari hata mmoja. Wenye mkataba ni Japani na Ufilipino. Uliza juu ya hao, kwa herufi ndogo.