Kwa nini "Simba won Yanga" ni kosa

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mwalimu amekata sentensi yako "Simba won Yanga". Kiswahili ndicho kilichokuponza: sisi "kushinda" tunamshinda mtu na tunashinda mechi, neno ni hilohilo. Kiingereza kimeyagawa. "Win" ni kwa mechi, kombe au medali. Ukitaja uliyemshinda, tumia "beat". Kwa hiyo: "Simba beat Yanga", "Simba won the match". Na "beat" haibadiliki wakati uliopita, usiandike "beated".

"Play" ni ya michezo ya mpira, "go" ya yenye -ing (go swimming), "do" ya karate na riadha. Hilo utalizoea haraka.

Kinachosumbua zaidi ni nyakati, na hapo Kiswahili kinakusaidia: "-li-" ni "won", "-me-" ni "has won". Kipchoge alishinda Rio 2016: "Kipchoge won in Rio in 2016". Ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili: "Kipchoge has won the Olympic marathon twice". Mwaka ukitajwa, "has" hutoka. Leo usiku sikiliza matokeo ya ligi, kisha yaandike kwa sentensi tano za namna hiyo.